Jiwe la Mpaka, Sinza

Kijiweni tumezoea kuwahukumu.
Vikombe viwili, kashata moja, hukumu tatu:
hawasalimii, hawasomi, hawana subira.
Ustaarabu, alisema Mzee Lukindo, unafia
mikononi mwa watoto wanaobeti mechi za Uturuki.
Nikaitikia, maana kuitikia ni bure.

Jumamosi ile walikuja na makoleo.
Tisa. Baadaye wanane, mmoja kaitwa na simu.
Wakauzibua mtaro wa nyuma ya baa ya Mama Ndeshi,
ule unaomwaga Mto Ng'ombe Mungu akipenda,
na asipopenda unamwaga vitandani mwetu.
Wakatoa nepi, viroba, kandambili moja ya kushoto,
godoro lililovimba kama maiti.
Pendaeli alisimama kila robo saa
kuutazama mkeka wake, akamtukana kipa wa mbali,
akashika tena koleo.
Sikuweza kumdharau ipasavyo. Tope lilimfika magotini.

Mita ya kumi na mbili koleo likalia kwenye zege.
Binti mmoja, Sikitu, akafuta kwa kiganja:
jiwe la mpaka, chuma katikati, namba pembeni.
"Mzee, si ulikuwa Ardhi wewe? Hili linasemaje?"

Hamjui jiwe linavyoweza kumtazama mtu.
Namba ile niliiandika mimi, mwaka sabini na tisa,
kwa mkono ambao haukuwa ukitetemeka.
Pale ramani ilikuwa na mstari wa buluu:
njia ya maji, upana hatua kumi na nne, pasijengwe.
Akaja bwana mmoja na baiskeli mpya, nyeusi,
kengele yake tamu.
Nikausogeza mstari.
Kidogo tu, unene wa kalamu.
Unene wa kalamu juu ya karatasi
ni kuta nne na paa juu ya ardhi.

"Macho yangu hayaoni vizuri," nikasema.
Akasema haya, akainama tena.
Hakunishuku. Hilo ndilo lililoniuma.

Usiku sikulala. Ni mbu, nikajiambia, si dhamiri.
Chini ya godoro, ndani ya shuka la marehemu mke wangu,
ilikuwapo nakala ya kwanza, ya kabla ya baiskeli.
Miaka yote nimeitunza, sijui kwa nini;
labda mwizi naye hupenda kukumbuka alichoiba.

Asubuhi nikampelekea. Akaitandaza juu ya kreti za bia,
akaipiga picha mara nne, kila pembe,
akaweka kidole kwenye buluu, akakiburuza taratibu
kupitia baa,
kupitia sebule ya Lukindo,
kupitia chumba ninacholala.
Nilikuwa tayari kwa shukrani, tayari kwa matusi.
"Kumbe mlijua," akasema.

Mlijua. Hakusema ulijua.
Nikageuka kidogo, kana kwamba wenzangu wote
wamesimama nyuma yangu na kandambili zao.

Masika yalipofika, maji yalipita mita kumi na mbili
kama mgeni mwenye adabu, kisha yakakumbuka desturi.
Yakaingia kwa Lukindo. Yakaingia kwangu.
Hawakuuokoa mtaa. Nisije nikadanganya mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata walikuwa sita.
Ramani imebandikwa ofisi ya serikali ya mtaa,
wanabishana mbele yake mpaka jioni,
wanaitana majina mabaya, wanahesabu hatua,
nyumba ya nani ivunjwe kwanza.
Nimesikia yangu inatajwa.

Kijiweni wameuliza tena: vijana hawa, kuna tumaini?
Tumaini si kiinua mgongo, nimewaambia.
Hatukulichangia. Tunalidai kwa risiti ipi?
Lukindo akasema kahawa imepoa.

Nimeanza kutoa vyombo. Kabati kwanza.
Pendaeli amekuja kushika upande wa pili,
hakusalimia, ameomba elfu moja ya soda.
Mkeka wake ulichanika jana, anasema,
timu moja tu, dakika ya tisini.
Leo ameshaweka mwingine.